Waluguru na Daftari la Wazee Wao: Mafunzo kwa Sisi Wakulima wa Karafuu

Wanachama wamezoea kuliona jarida hili likizungumza habari za bei, miche, majamvi na makonyo. Safari hii twaomba ruhusa tutoke kidogo kisiwani, tuvuke bahari mpaka Bagamoyo, tupande Bara hata Morogoro, tukaitazame milima ya Uluguru na watu wake. Najua wako watakaouliza, "Sisi na Waluguru wapi na wapi?" Jawabu ni jepesi. Wao nao ni wakulima wa karafuu. Huko Matombo, Mkuyuni, Kinole na Tawa mkarafuu umekubali ardhi, nao husimama pamoja na mdalasini, pilipili manga na iliki, migomba ikiwa chini yake. Mluguru akiona karafuu zimeanikwa hahitaji kuelezwa ni nini. Basi ni jirani zetu wa kazi, na jirani akipatwa na jambo ni vema mtu alitazame, maana huenda kesho likabisha hodi kwake.

Jambo lenyewe ni hili: vipi watu waweza kuyahifadhi mambo ya wazee wao, yaani lugha, ngoma, mila za ardhi na elimu ya kilimo, kwa vyombo vya siku hizi kama simu ya mkononi, kompyuta na intaneti? Tena, je, kuna faida gani kwa mkulima, au ni mchezo wa vijana tu?

MILIMA NA WENYEWE

Milima ya Uluguru yaanza nyuma ya mji wa Morogoro, ikapanda hata kupita mita 2,600 juu ya bahari. Reli ya Kati ilifika mji huo mwaka 1907, na tangu hapo wageni wengi wameipita milima ile wakiitazama dirishani, bila kujua kuwa maji wanayokunywa Dar es Salaam yatoka huko, maana mto Ruvu waanzia katika misitu yake. Msitu wa asili wa juu uliwekwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008.

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti kubwa katika mambo yake. Ukoo wenyewe huitwa lukolo, na tawi lake huitwa tombo, maana yake titi, kwa kuwa wote wa tawi hilo wametokana na bibi mmoja. Hata jina la Matombo ni hilo hilo, kwa ajili ya mawe makubwa ya mlimani yanayofanana na maziwa ya mwanamke.

Ardhi kwa desturi yao haikuwa ya mtu mmoja bali ya lukolo. Nani aliyefyeka pori kwanza, mpaka uko kwenye kijito gani, makaburi ya kina nani yako chini ya mti gani: hayo yote hayakuandikwa. Hati yake ilikuwa kichwani mwa wazee, na mzee aliyekuwa akiyajua ndiye aliyeitwa pakitokea ugomvi. Huko Kinole wako watawala wa jadi wanaorithi jina la Kingalu, ambao tangu zamani walijulikana kwa mambo ya mvua. Na huko huko milimani ndiko kwenye habari za Kolelo, mzimu wa pangoni ambao Waluguru na Wazaramo waliuendea kuomba mvua na mavuno, na ambao jina lake lilisikika sana siku za Vita vya Maji Maji, mwaka 1905.

Elimu ya namna hii si hadithi za kuchekeshea watoto. Tazameni lililotokea zama za Waingereza. Mwaka 1950 serikali ilianzisha mpango wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Nia yaweza kuwa njema, lakini wenyeji walisema kazi ni kubwa, mavuno hayaongezeki, na ardhi yao inachezewa bila wenye ukoo kuulizwa. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 pakawa na ghasia Matombo, mtu mmoja akafa, na mpango wa kulazimishana ukaachwa. Fedha na jasho la miaka mitano vikapotea, kwa sababu waliopanga hawakuijua ardhi kama walivyoijua wale waliokuwa wakiilima.

DAFTARI LINAVYOFUNGWA

Sasa, wazee wale wanaondoka mmoja mmoja, kama wanavyoondoka wetu. Vijana wa milimani hushuka Morogoro na Dar es Salaam kutafuta maisha, na wakirudi sikukuu husema Kiswahili. Hapa sisi watu wa pwani na visiwani tuseme kweli: lugha inayokila Kiluguru si Kiingereza, ni Kiswahili chetu. Hatuna haja ya kuona haya kwa hilo, maana lugha ya taifa ina faida yake, lakini tusijifanye hatulioni. Jina la mti, la mdudu au la aina ya udongo likipotea, na elimu iliyofungwa katika jina hilo aghalabu hupotea nalo.

Na yaliyobahatika kuandikwa yako mbali. Kitabu kinachojulikana sana juu ya ardhi na utawala wa Waluguru kiliandikwa na Roland Young na Henry Fosbrooke, kikachapwa kwa Kiingereza ng'ambo mwaka 1960. Mluguru wa Tawa akitaka kujua babu zake walisema nini kwa mabwana wale, hana budi kwanza kujua Kiingereza, kisha apate kitabu kisichouzwa sokoni kwake. Picha nazo ni vivyo hivyo. Wajerumani walipiga picha nyingi mno katika koloni lao la Afrika Mashariki, wakaenda nazo.

VYOMBO VIPYA VINAFANYA NINI

Zamani sauti ilihifadhiwa katika sahani ya santuri au katika utepe. Siti binti Saad wetu alikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba ndani ya sahani, na kwa ajili hiyo sauti yake ingali ikisikika. Lakini sahani huvunjika, na utepe huliwa na joto na unyevunyevu. Tena kila ukitoa nakala ya nakala, sauti huzidi kufifia. Mambo ya kidijitali ni mbali na hayo. Mashine huigeuza sauti au picha kuwa hesabu, na hesabu ukizinakili mara mia, nakala ya mia huwa sawasawa na ya kwanza. Tena nakala hiyo yaweza kupelekwa Muscat au London kwa dakika chache, na hapa kisiwani ikabaki.

Kwa njia hii vitu vilivyochukuliwa vimeanza kurudi. Mwaka 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ilitoa picha zaidi ya 80,000 ziwekwe wazi katika intaneti, na ndani yake zimo za Walther Dobbertin, aliyepiga picha Tanganyika zama za Wajerumani. Leo mtoto wa shule Morogoro mwenye simu aweza kuziona bila kulipa nauli ya Ulaya.

Kenya nako pametokea jambo zuri zaidi. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki akirekodi nyimbo za watu, na miongoni mwa waliorekodiwa walikuwa Wakipsigis. Nyimbo zile zikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa, maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha nyimbo vijijini kwa njia ya kidijitali, na baadhi ya waliorekodiwa wakakutwa wangali hai. Fikirini mzee anavyojisikia akisikia sauti ya ujana wake! Lamu pia, vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, hata mchwa akiviharibu, yaliyomo yamebaki.

Na Morogoro yenyewe ina hazina iliyo karibu kusahauliwa kuwa ni ya Morogoro. Salum Abdallah na Cuban Marimba, bendi iliyochezesha Tanganyika nzima mpaka alipofariki mwaka 1965, ilikuwa ya mji huo. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano, akafariki kwa ajali mwaka 1979, naye ni wa huko. Nyimbo nyingi za zama zile zilibaki katika tepu za Redio Tanzania, na tepu, kama nilivyosema, zina umri wake. Mwaka 2012 kikundi cha Tanzania Heritage Project kilianza kuchangisha fedha ili tepu hizo zigeuzwe kuwa za kidijitali kabla hazijaharibika. Wale waliokwisha kuwekwa katika intaneti, vijana wasiowahi kuwaona wanawacheza leo.

Lakini mfano unaotufaa zaidi sisi ni wa wakulima wenzetu wa Chambezi, wilaya ya Bagamoyo. Mwaka 2011 kilianza huko kikundi kiitwacho Sauti ya Wakulima. Hawakuwa na vyombo vingi. Simu chache tu walizopokezana zamu kwa zamu. Mwenye zamu alikwenda nazo shambani, akapiga picha ya mdudu au ya mmea, akasema kwa sauti yake alichokiona, na habari hiyo ikaingia katika tovuti yao. Kisha walikutana wakatazama na kusikiliza pamoja. Walianza kwa kutaka kuonyesha jinsi hali ya hewa inavyobadilika, lakini punde wakawa wanakwenda kuwahoji wakulima wengine na kujifunza kwao. Hapo mkulima hakungoja bwana wa kutoka mbali aje amwandike. Alijiandika mwenyewe.

PALIPO NA HATARI

Kila chombo kina makali yake, na hiki nacho kina matatu.

La kwanza ni kwamba si kila jambo ni la kutandazwa hadharani. Mambo ya jando na unyago, matambiko, na mahali kama pango la Kolelo, yana wenyewe na yana miiko yake. Mtu akiyarekodi kwa siri akayatupa katika intaneti, hakuhifadhi urithi, ameuiba. Kisha haiwezekani kuyarudisha, kwani kilichokwisha kunakiliwa na watu elfu hakina mlango wa kufungia. Wazee waulizwe kwanza. Wakisema "hili liandikwe lakini libaki kwetu," na liwe hivyo.

La pili ni mali. Mgeni aweza kuja akarekodi dawa ya mti au ngoma, akaenda akaifanyia biashara, na kijiji kisipate hata shilingi. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi kuwa ni kitu cha kulindwa, na Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2003. Lakini sheria haimsaidii asiyeweza kuonyesha kuwa kitu ni chake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa msemo huo una maana yake kamili.

La tatu ni habari kutokuwa na mwenyewe. Katika picha za kale za wakoloni mara nyingi utaona uso wa mtu na chini yake jina la kabila tu, au hata hilo hakuna. Uso umehifadhiwa, mtu amepotea. Sisi tuliosoma chuoni tunajua dawa ya ugonjwa huu. Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimfikie, haipokelewi mpaka ijulikane imepokewa na nani kutoka kwa nani. Hiyo ndiyo isnadi. Basi kila sauti inayorekodiwa na iwe na isnadi yake: nani anasema, mtoto wa nani, wa mji gani, alifundishwa na nani, na siku gani amesema.

JE, HAYA NI KAZI YETU?

Wako wanachama watakaosema kuwa haya ni kazi ya walimu na watu wa makumbusho, na chama kiangalie bei. Hoja hiyo ina uzito, maana fedha za chama ni haba na mkulima hali nyimbo. Lakini nawaomba watazame mambo mawili.

Kwanza, elimu ya wazee ni chombo cha kazi. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na Pemba ikawa mbele tangu hapo. Walioipanda upya walijifunza kwa kuona: miche ipandwe mwezi gani, kivuli cha mti gani kinafaa, ardhi ipi huua mkarafuu ukiwa mchanga, dalili gani zaonyesha kuwa mwaka huu ni wa vuno kubwa. Mafundisho hayo yalipita kwa mdomo, kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na kutoka kwa mwenye shamba kwenda kwa mchumaji. Leo kijana anaukata mkarafuu wa babu yake kwa kuni, kwa sababu aliyeweza kumwambia "ngoja, huo bado una maisha" amekwisha kufa.

Pili, mipaka ya mashamba. Nani asiyejua ugomvi wa urithi unavyotutafuna? Mwenye mikarafuu mmoja, mwenye ardhi mwingine, mashahidi wako makaburini. Sauti ya mzee iliyorekodiwa haiwi hukumu peke yake, na mahakama ina taratibu zake. Lakini familia nyingi zingeepushwa kufika huko kama wangeweza kumsikiliza babu yao akitaja mipaka kwa ulimi wake, mbele ya warithi wote.

Tena, mtu asiseme kuwa kuandika kunaondoa kuhifadhi kwa moyo. Baada ya vita vya Yamama, walipokufa wengi waliohifadhi Kurani, Sayyidna Umar alimshauri Khalifa Abu Bakar ikusanywe, na Zaid bin Thabit akapewa kazi hiyo. Abu Bakar alisita kwanza, kwa kuwa halikuwa limefanywa kabla, kisha akaona heri iliyomo. Ikakusanywa, na mpaka leo watoto wangali wakihifadhi kwa moyo vile vile. Maandishi hayakuua ulimi, yaliulinda.

NAMNA YA KUFANYA

Kazi hii haihitaji mashine za bei kubwa. Simu ya kawaida ya siku hizi yarekodi sauti vizuri. Yatakiwa mambo haya:

1. Ombeni ruhusa kabla, na idhini yenyewe irekodiwe mwanzoni. Mwambieni mzee sauti yake itasikilizwa na nani.

2. Kaeni ndani au nyuma ya ukuta, upepo usiingie, na redio izimwe. Simu iwekwe karibu na msemaji, isishikwe mkononi.

3. Anzeni na isnadi: majina, mji, tarehe. Kisha mwacheni mzee aseme kwa lugha yake ya nyumbani. Mluguru aseme Kiluguru, Mpemba aseme Kipemba. Tafsiri yaweza kuja baadaye, lakini neno lililopotea halirudi.

4. Ulizeni mambo mahususi. Badala ya kusema "tuambie mila za zamani," semeni "mlipokuwa kambini wakati wa vuno, pishi ilipimwaje, na mchumaji akila nini?"

5. Simu si ghala. Huanguka majini, huibiwa, na kadi ya kumbukumbu huharibika bila kuaga. Kila faili liwe na nakala tatu, mbili katika vyombo mbalimbali hapa, na moja mbali, kwa jamaa wa mji mwingine au katika hifadhi ya intaneti.

6. Sauti isiyobanwa huchukua megabaiti 600 hivi kwa saa moja. Iliyobanwa yaweza kushuka hata chini ya 60. Nakala ya kuweka iwe isiyobanwa, na iliyobanwa itumwe kwa watu kwa simu. Kadi ya gigabaiti 32 hubeba kiasi cha saa 50 za sauti isiyobanwa, nayo ni mazungumzo ya wazee wengi.

7. Nakala ya kwanza apewe mzee mwenyewe au watoto wake.

OMBI KWA MATAWI

Waluguru walijifunza kwa taabu, mwaka 1955, kuwa asiyeandika mambo yake huandikiwa na wengine, na pengine huandikiwa vibaya. Nao hawana bahari inayowatenga na sisi zaidi ya ile ya siku moja ya safari. Kwa hiyo Katibu wenu anawaomba wanachama wayazungumze mambo mawili katika mikutano ya matawi kabla ya vuno lijalo.

La kwanza, kila tawi lichague wanachama wawili, mmoja kijana na mmoja mtu mzima, tena ni vema mmoja wao awe mwanamke, kwani wanawake ndio waliokaa na karafuu muda mrefu zaidi, katika kuchambua na kuanika, na habari zao ndizo zilizoandikwa kidogo kuliko zote. Hao wawili waorodheshe wazee wa tawi wanaokumbuka mambo ya kilimo cha zamani, wakianza na walio wakongwe zaidi, wasingoje mpaka fedha zipatikane.

La pili, chama kitafute mawasiliano na wakulima wenzetu wa karafuu wa Matombo na Kinole, tubadilishane nao sauti hizi: wao watuambie mkarafuu unavyokwenda mlimani penye baridi, nasi tuwaambie tunayoyajua ya pwani. Gharama yake ni vocha ya simu.

Majina ya wazee yaletwe afisini kwa barua au kwa mkono, pamoja na umri na mji wa kila mmoja. Tawi litakaloona jambo hili halifai nalo liandike sababu zake, zitachapwa katika jarida lijalo ili wanachama wazipime. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri na afya, nasi atupe masikio ya kuwasikiliza.

Wassalaam,
Katibu wa Chama